Marahaba Niliyompa Baba Neema

Mimi si fundi wa kubahatisha. Nina diploma ya elektroniki, nilijisomesha mwenyewe Dar es Salaam, kisha nikarudi kwa hiari yangu kufungua karakana hapa Utemini. Nichekeni, lakini hilo mlijue kwanza.

Amplifaya za hedifoni za bei nafuu, zile zenye taa za kioo kama redio za zamani, huunguruma. Jumamosi nilimaliza kuirekebisha ya kwangu. Transfoma, inayoleta muungurumo, nimeihamishia kwenye boksi lake peke yake, nyaya nimezifupisha. Siku hiyohiyo baba yake Neema, mchumba wangu, alikuwa anatoka Ihanja kuja kunitazama kama nafaa kumuoa binti yake. Nikasema nivae hedifoni nijaribu kidogo kabla hajafika.

Muungurumo haukuwepo. Ulikuwepo ukimya laini kama majivu, kisha zeze likaingia polepole kutoka mbali. Nikafumba macho. Nikaelea juu ya mashamba ya alizeti, maua yote yamenigeukia mimi.

Mkono ukanigusa bega. Vijana wa mtaani huja kunishangaa, na huanza kwa kuniamkia, basi nikaitikia bila kufumbua macho: "Marahaba, mwanangu. Kaa chini, usiguse kitu."

Wimbo ulipoisha nikavua hedifoni. Mzee mmoja alikuwa amekaa sakafuni, kofia magotini. Nyuma yake Neema amejifunika uso kwa khanga.

"Nimekaa, na sijagusa kitu," akasema baba Neema. "Shikamoo, baba."