Njia ya Machela Juu ya Bwera

Medius akikwambia jambo analijua, basi analijua, na hana haja ya kujishusha ili akupendeze. Ni mtaalamu wa maji wa wilaya, mzaliwa wa milimani juu ya Bwera, na mwaka huu alipewa kupima bonde la kwao. Kazi yenyewe wala si uchawi: unajumlisha urefu wa vijito vyote vya bonde, unaugawanya kwa eneo lake. Jibu likiwa kubwa, mvua ya mlimani inafika chini mbio. Na chini huko kuna shule ya msingi.

Kwanza alitumia ramani, akapata kilomita moja na nusu ya kijito kwa kila kilomita ya mraba. Bonde tulivu kabisa! Medius alicheka peke yake ofisini Kasese. Aliyekulia pale humdanganyi: kwao njia za miguu zinashuka mlima moja kwa moja, na mvua ikija kila njia ni mto. Akavaa gambuti, akazitembea zote, akazijumlisha na vijito. Jibu likawa mara mbili.

Njia iliyochimbika kuliko zote ilikuwa ya baba yake, mzee Tefiro. Mke wake wa kwanza alifia kwenye machela akiwa na uchungu wa uzazi, katika kona za njia ya zamani. Mzee akalima nyingine, iliyonyooka, na kwa hiyo ndiyo mama yake Medius alishushwa akajifungua salama.

Medius alimkuta baba yake shambani, kwenye kahawa.

"Baba, njia yako imekuwa kijito. Lazima tuifunge, tulime ya kuzunguka."

"Ya kuzunguka iliua mutu."

"Hii itaua watoto wa shule."

Mzee akaweka jembe chini. Medius aliumia, aliumia sana, lakini neno lake hakulirudisha.

"Na mimi nikiugua, mutanipitisha wapi?"

"Kona kwa kona, baba. Tutakuwa wengi, tutapokezana."

Tefiro aliitazama njia yake mpaka chini barabarani. Kisha akaokota jembe.

"Nionyeshe kona ya kwanza itakaa wapi," akasema. "Na iwe pana. Ile ya zamani ilikuwa nyembamba. Tulimwangusha."