Kungwi wa Mwajuma

Siku ya kwanza niliporipoti Kisarawe kama mwalimu wa ushauri nasaha, Mkuu wa Shule alinikabidhi ufunguo wa stoo ya majembe. Nusu ya chumba ilibaki ya majembe, nusu ikawa ofisi yangu. Nilikuwa nimetoka Kibaha, nilikofundisha jiografia, nikiwa na cheti cha semina ya wiki mbili. Nilikitundika ukutani siku hiyohiyo, kwa kiburi cha ujana.

Wenzangu wengi walidhani ushauri nasaha ni kuchapa kwa maneno. Mwalimu wa nidhamu alikuwa na fimbo. Mimi nilikuwa na daftari la kesi, ambamo mwanafunzi huandikwa kwa namba ili siri yake isivuje. Pia nilikagua mahudhurio kila Ijumaa, maana utoro wa mtoto wa miaka kumi na minne haukosi sababu.

Sababu ya Mwajuma ilikuwa lori. Alikuwa kidato cha pili, hodari wa hesabu, na utingo mmoja wa lori la mchanga alikuwa akimpa lifti na kumnunulia chipsi. Masomo yalishaanza kumponyoka. Nikafanya nilivyofundishwa: nikamwita mama yake, nikawaketisha wote wawili, nikayasema yote waziwazi. Mama akajifunika khanga usoni. Kesho yake Mwajuma hakuja shule, wala siku iliyofuata.

Mkuu wa Shule, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti, akaniita.

"Wewe binti wa Njombe, kwenu mama huongea na bintiye mambo hayo?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Hapa haongei. Umewaaibisha wote wawili. Mtoto ana kungwi wake, aliyemfunda alipovunja ungo. Umemtafuta?"

Sikuwa nimemtafuta. Kusema kweli niliwadharau makungwi; nilidhani kazi yao ni kuwaharakisha watoto kuolewa. Mchana ule Mkuu alinichukua tukaenda kwa Bi Tatu, tukamkuta anamenya mihogo uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Shule imekosa watu hata inanifuata mimi?"

Alitusikiliza bila kuacha kumenya. Tulipomaliza akanawa mikono. "Yule nimemfunda mimi," alisema. "Akiharibikiwa, nitaulizwa mimi."

Asubuhi iliyofuata alikuja amemshika Mwajuma mkono. Akaingia naye stoo, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanitazama. "Mwalimu, tupishe."

Nikatoka. Nilisimama nje vipindi viwili vizima, na waliyoongea sijayauliza hadi leo. Habari za utingo Mkuu alizifikisha polisi mwenyewe. Jumatatu Mwajuma alikuwa darasani, dawati la mbele, na miaka miwili baadaye alimaliza kidato cha nne.

Cheti nilikishusha. Nimepita mikononi mwa wakufunzi wengi, lakini hakuna ninayemheshimu kama Bi Tatu, ambaye hakuwahi kukalia dawati. Niliporudishwa Kibaha, kwenye watoto wa watumishi waliotoka kila mkoa, wengi hawakuwa na kungwi. Basi kabla ya kumwita mzazi niliuliza kwanza: mtoto huyu humsikiliza nani? Mara ilikuwa shangazi, mara mwalimu wa kwaya, mara ustadhi wa madrasa. Nami nikajifunza kukaa nje ya mlango.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku Misugusugu. Bi Tatu ametangulia mbele ya haki. Mwezi uliopita Mwajuma alinitembelea akiwa na binti yake, aliyevunja ungo juzijuzi.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba uwe kungwi wake."

"Mwanangu, mimi mtu wa bara. Hata ngoma zenu sizijui."

"Ngoma wapo watakaozicheza. Nataka awe na mtu wa kumwambia yale asiyoweza kuniambia mimi."

Machozi yalinitoka, wala sikuyaficha. Binti alikuwa amesimama karibu na mlango, anatazama vidole vya miguu yake. Nikamvutia kigoda.

"Mwajuma," nikasema, "tupishe."