Nyuzi Thelathini Kutoka Wapi

Kwa Kiswahili mche ni mmea mchanga unaosubiri kuhamishiwa shambani. Mche vilevile ni kipande kirefu cha sabuni ya kufulia, na tena ni lile umbo la hesabu lenye ncha mbili zinazofanana, na mbavu zilizonyooka katikati. Shule ya msingi, mwalimu alitufundisha hilo umbo akiwa ameshika sabuni. Miaka baadaye, nikiwa mwaka wa kwanza wa ujenzi katika chuo kimoja cha ufundi Mbeya, nilirudi palepale: nimekaa kitandani hostelini, na mwenzangu wa chumba ananichongea mche wa sabuni kwa kisu cha jikoni.

Alikuwa binti wa wafugaji. Wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka Usukumani mpaka mabonde ya Usangu, naye akakulia Rujewa, kati ya mashamba ya mpunga na mashine za kukoboa. Aliniita Mhehe, nami nikamwita Msukuma, na baada ya muda majina yetu halisi yakawa ya kujazia fomu tu.

"Shika hapo chini, Mhehe. Usinikate."

"Kisu unacho wewe, mimi nitakukataje?"

"Kwa maneno. Shika."

Alichonga pande sita. Maganda ya sabuni aliyaweka kwenye kikombe, ya kuloweka mashuka. Kisha akausimamisha mche juu ya meza, akaulaza taratibu mpaka ukasimama kwa ukingo mmoja wa kitako chake, akauzuia kwa kidole. "Haya. Huyo ndiye anayekunyima usingizi. Mtazame."

Nilimtazama. Nilimtazama kwa juu, nikamtazama kwa mbele, na sikuona kilichokuwa kinanishinda.

Chumba cha uchoraji kilikuwa ghorofani, madirisha yakiutazama mlima. Asubuhi za Juni tulipulizia vidole pumzi kabla ya kushika penseli, maana penseli ngumu na mkono wa baridi huchana karatasi. Tulibandika karatasi zetu kwenye mbao, tukaweka tiskwea, ile rula ndefu yenye kichwa inayoteleza juu na chini ya ubao, na juu yake tukapanda setiskwea, zile pembetatu za plastiki. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Lakini mwalimu wetu akiona nyuso zimeanza kuwa nzito, aliweka kitabu chini akahamia Kiswahili, na hapo darasa lote lilikaa vizuri.

"Hamchori kitu," alikuwa akisema. "Mnachora jinsi kinavyoonekana. Mara moja ukiwa juu yake, kama ndege. Mara ya pili ukiwa mbele yake, kama mgeni aliyebisha hodi. Basi. Hizo sura mbili zikikubaliana, kitu kipo."

Halafu alikuja kwenye vitu vilivyoinama, na hapo alikuwa na kanuni aliyoirudia kama kiitikio: "Usimchore aliyeinama kabla hujamsimamisha." Maana ni kwamba mche ulioinama huwezi kuuchora moja kwa moja kutoka kichwani. Kwanza unauchora umesimama wima, sura ya juu na sura ya mbele. Kisha unaichukua ile sura ya mbele na kuiinamisha nzima nzima, bila kubadilisha kipimo hata kimoja. Mwisho unashusha mistari myembamba kutoka kila kona mpaka ikutane na mistari ya ile sura ya kwanza ya juu, na hapo, kona moja moja, inazaliwa sura ambayo hukuwahi kuiwaza. Niliipenda njia hiyo kuliko nilivyolipenda somo. Mpaka leo, mtu ninayemwandika akikataa kukaa kwenye ukurasa, najiuliza kama niliwahi kumsimamisha wima hata siku moja.

Ona jinsi mwalimu alivyosema: aliyeinama. Aliwapa mche na piramidi ngeli ya watu. Mche alikuwa mtu, na mhimili wake, ule mstari wa kufikirika unaopita katikati ya mwili wake kutoka kitakoni hadi kichwani, ulikuwa uti wa mgongo. "Mhimili wake umeinama nyuzi arobaini na tano kwa sakafu." Tulicheka, tukaelewa, tukachora. Mifano yake karibu yote ilikuwa ya arobaini na tano, kwa sababu setiskwea moja inaitoa pembe hiyo bila kusumbua mtu. Nilipata vema, vema, vema.

Kwenye mtihani, mhimili wa mche ulikuwa nyuzi thelathini kwa sakafu. Nilichora kwa raha. Nilitoka nje nikiwa na uhakika, mikono inanuka kifutio, nikamwambia Msukuma kuwa lile swali kubwa nimelimaliza mapema.

Matokeo yakaja kwenye simu. Yeye alifaulu yote. Mimi uchoraji ulikuwa na sapu: kurudia mtihani baada ya likizo, kabla ya mwaka kufunguliwa. Na ukianguka kwenye sapu, kwetu, ni disko, yaani kufukuzwa chuo. Unafungasha ndoo yako na godoro lako, unarudi nyumbani.

"Ulikosea wapi?" aliniuliza.

"Sijui."

"Hujui?"

"Ningejua ingekuwa sapu? Karatasi hawarudishi. Nimerudia lile swali mara ngapi humu ndani, linatoka vilevile, na linatoka zuri."

Ndiyo ilikuwa siku ya sabuni. Nilimchorea mche wangu, akautazama akiwa amelaza kichwa upande, akasema umechorwa kama wa kwenye kitabu. Hakuwa na swali mbele yake, alikuwa na mchoro tu, na mchoro wenyewe haukuwa na kosa. Sura mbili zilikubaliana. Kitu kilikuwepo.

Likizo tukapanda basi moja. Yeye alishuka njia panda ya Rujewa, begi kichwani, na kupitia dirishani akanitupia ule mche wa sabuni umefungwa kwenye mfuko. "Endelea kumtazama! Akikushinda, mfulie nguo!" Abiria wakacheka bila kujua wanacheka nini. Basi likapita Igawa, likapanda kuelekea kwenye baridi ya kwetu, na mimi nimeshika sabuni mapajani.

Nyumbani, Iringa, baba alikuwa kitandani. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye mparachichi wakati wa kuvuna, mgongo ukaumia, na hospitali ikamrudisha na maelekezo ya kulala chali kwanza, kisha kuinuliwa polepole. Mama alikuwa ameligeuza hilo kuwa kazi ya mikono. Alishona mito mipya ya maganda ya mahindi, mmoja mnene, mmoja mwembamba, na kadiri siku zilivyokwenda aliongeza mto mmoja nyuma ya baba.

"Chuo kinasemaje?" baba aliniuliza.

Nilimwambia ukweli wote. Nikamwambia kosa lenyewe silijui.

"Somo gani hilo?"

"La kuchora vitu vilivyoinama, baba."

Akajitazama, akatazama mito. "Ungeniambia. Ningekaa unichore."

Mchana nilifanyia kazi kwenye meza ya chumba chake, kwa kuwa ndiyo meza pekee iliyokaa sawasawa, na kwa kuwa alipenda sauti ya tiskwea ikiteleza. Nilirudia swali lilelile. Mche ukatoka mzuri kama kawaida, ukisimama umeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza. Nilianza kuogopa kwa namna mpya. Mtu akikosea anaweza kurekebisha. Mimi nilikuwa nakwenda kurudia mtihani na jibu lilelile mkononi.

Kisha akaja shangazi, dada yake baba, kutoka kijijini. Alikuwa hajamwona kaka yake tangu aanguke. Tukasikia salamu yake, "Kamwene!", toka uani, mama akaitikia, shangazi akaingia bado na kanga ya safari, akasimama mlangoni, na uso ukasawijika.

"Jamani. Kaka yangu ndiye ameinama hivi?"

Mama alikuwa anakunja shuka. Aliacha.

"Wifi, huyu ameinuka."

"Ameinuka wapi? Mtu aliyekuwa amenyooka kama mlingoti! Mtazame. Ameinama, ameinama kabisa."

"Ameinuka, nakwambia. Wewe hukuwepo alipokuwa chali kama ubao. Hukumlisha uji kwa kijiko. Hii mito ni mitatu. Juzi ilikuwa miwili."

"Mimi nasema ninachokiona."

"Na mimi nasema ninachokiona!"

"Nipo hapa," alisema baba. "Kama mnataka kupiga kura, nami nina kura yangu."

Shangazi akacheka huku machozi yanamtoka, akaketi kitandani kwake, akamshika mguu. Mama akaenda kuweka chai. Mimi nilibaki nimeishika penseli, nikimtazama baba kwa ubavu: kitanda, kilicholala kama mstari wa sakafu, mgongo wake, unaopanda kutoka kwenye mstari huo kwenda kichwani, na ile pembe ndogo, iliyojaa mito, katikati ya mgongo na kitanda. Walikuwa wanambishania mtu mmoja, aliyekaa namna moja. Shangazi alimpima kuanzia alipokuwa amesimama. Mama alimpima kuanzia kitandani.

Nikaigeukia karatasi yangu. Mhimili umeinama nyuzi thelathini kwa sakafu. Nilikuwa nimefanya kama shangazi. Nilimchukua mche akiwa wima, kama mtu, nikamwinamisha thelathini kutoka kwenye kusimama kwake, kwa sababu ndivyo mtu anavyoinama kwa lugha yetu. Ukisema mzee ameinama kidogo, hakuna anayeanza kuhesabu kutoka chini. Lakini swali lilihesabu kutoka sakafuni. Thelathini kutoka sakafuni ni mche uliokaribia kulala kabisa, uliojiinua kidogo tu, kama baba kwenye mito yake. Na arobaini na tano, pembe ya mwalimu, iko nusu ya njia: uipimie juu, uipimie chini, ni ileile. Ndiyo maana nilipata vema muhula mzima nikiwa nimepotea.

Nikampigia Msukuma.

"Thelathini yako uliipima kutoka wapi?"

"Kutoka chini. Kwani wewe?"

"Kutoka juu. Kwenye wima."

Kicheko kirefu, na nyuma yake ng'ombe wakilia. "Mhehe! Sasa juu ulikuwa umeshikilia nini? Mimi sikuwaza chochote. Setiskwea inakaa juu ya tiskwea, tiskwea iko chini, basi nikapimia hapo."

"Kwa hiyo hukuelewa, ulibahatisha."

"Nilifaulu. Hilo nalo ni kuelewa. Sabuni yangu unayo?"

"Mama ameifulia mashuka ya baba."

"Pole yake mche. Amekufa akiwa kazini."

Jioni nilimweleza baba, kwa sababu aliuliza kwa nini nilikuwa nikimkodolea macho. Nilimchorea yote miwili, mche wa shangazi na mche wa mama. Alivishika vile vikaratasi muda mrefu.

"Na hizi nyuzi," alisema, "ni za cherehani?"

"Za pembe, baba."

"Hmm." Akaweka kidole kwenye mche wa mama, ule uliokaribia kulala. "Na huyu ndiye sahihi."

"Kwa swali lile, ndiyo."

"Mwambie mama yako. Usimwambie shangazi yako."

Nilirudi Mbeya kabla ya chuo kuchangamka. Korido zilikuwa tupu, na sisi wa sapu tuliketi mbali mbali bila kutazamana, kila mmoja na tiskwea yake kama mtu aliyekuja kwenye msiba na fimbo. Safari hii ilikuwa piramidi yenye kitako cha pande tano, imekaa kwa ukingo mmoja, mhimili wake umeinama nyuzi sitini kwa sakafu. Mkono ulitaka kuiangusha. Sitini! Kwa masikio yangu, mtu aliyeinama sitini yuko karibu kudondoka. Nikaandika kwa penseli hafifu pembeni ya karatasi: kutoka wapi? Nikachora kwanza mstari wa sakafu, nikauchora mzito kuliko inavyotakiwa, nikakiona kitanda cha baba. Kisha nikamsimamisha piramidi wima kama kanuni inavyosema, na nikamlaza kidogo tu, maana sitini kutoka kitandani ni mtu aliyebakiza kidogo kukaa mwenyewe. Nikashusha mistari. Kona zikakutana, moja moja. Nikafuta yale maneno mawili kabla ya kukusanya.

Matokeo yalipotoka nilikuwa kwenye foleni ya maji hostelini. Nilipiga nyumbani, akapokea mama, na kabla sijasema neno akaniambia baba amekwenda mpaka mlangoni kwa fimbo, ameegemea mwimo, anawatazama kuku, na hataki kurudi ndani. Mgongo ule haukunyooka tena. Hata leo anatembea akiwa ameegemea kushoto, na wanaomjua tangu zamani humwonea huruma barabarani, naye huwaacha tu. Lakini siku ile mama alimpelekea simu palepale mlangoni.

"Baba, nimefaulu. Sapu nimepita."

"Umepata nini?"

"C."

Nilisikia kuku, na upepo ukipiga kwenye simu. Baba alikuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima.

"Na hiyo C," akauliza, "imeinama au imeinuka?"