Kiwanja cha Gati

Mwaka themanini na sita, wapima ardhi walipokuja kupanga soko na zahanati nje kidogo ya Bunda, Gati alifurahi kuliko wote. Tangu afiwe na mumewe Keraryo, alikuwa akiuza mtama chini, juani. Sasa soko lingekuwa mlangoni pake.

Uwanja huo wa soko ulikuwa wa baba mkwe wake kabla Operesheni Vijiji haijaufanya mali ya kijiji. Shemeji yake Magige, kaka mkubwa wa Keraryo, hakusahau. Mchana mmoja alikuja na mwanawe Ngolo, kila mmoja na panga, wakaanza kung'oa vigingi vya wapimaji.

Gati alitoka mbio na mchi wa kutwangia.

"Shemeji, acha! Hii ni mali ya wote."

"Ya wote? Ulikuwaga wapi baba yangu alipofyeka pori hili?"

Gati akakumbatia kigingi. Panga la Magige likashuka. Vidole vyake viwili vikaanguka vumbini, na kabla maumivu hayajamfika, alimtandika Magige mchi wa uso, taya likavunjika. Ngolo kuona hivyo akaitia moto nyumba ya Gati. Nyasi zikalipuka.

Majirani wakaja na marungu. Magige alipotelea kwenye mashamba ya pamba, lakini Ngolo walimkamata, wakampiga mpaka jicho moja likapasuka. Kisha wakaanza kumburuta kuelekea nyumba iliyokuwa ikiungua.

Gati alitazama, damu ikimchuruzika. Alitaka Ngolo afe. Alitaka kabisa.

"Mama mdogo!" Ngolo alilia.

Hakujua miguu ilimpelekaje. Alijikuta amemlalia, na rungu lililomlenga Ngolo likamvunja yeye mtulinga. Hapo ndipo watu waliposhtuka na kuacha.

Hospitalini Musoma, Ngolo alimweleza, kichwa kimefungwa bandeji.

"Barabara ya soko inapita juu ya kaburi la babu. Baba alienda kuwaambia ofisini, wakamcheka."

"Na mimi mbona hakuniambia?"

Gati aligeukia ukutani, akalia kwa hasira.

Aliporudi, alimwendea mpimaji, Apolinary, akamwomba aipindishe barabara.

"Ikipinda, mama, itapita kwenye kiwanja chako."

"Ipite."

Ikapita. Gati akapewa kiwanja kingine nyuma ya zahanati, mbali na wateja. Ngolo, kwa jicho moja, ndiye aliyemjengea nyumba, naye Gati alimfokea kila tofali lilipokaa upande.

Magige alipotoka jela, alikofungwa kwa kumkata vidole, alimpelekea Gati mtamba wa kuomba radhi. Gati alimrudisha mnyama na ujumbe kwamba kaburi amemwachia, lakini mkono hajamsamehe. Waliendelea kupishana sokoni miaka mingi bila salamu, mpaka Magige akafa. Siku hiyo Gati alipika uji wa waombolezaji, akarudi kwake mapema.