Picha ya Amri Ukutani Kwangu

Mengi nimeyavumilia maishani, lakini si kurudi nyumbani kwangu nikakuta picha iliyopigwa na Amri imetundikwa sebuleni. Mimi ndiye Fidel, mwenye studio pale Nachingwea tangu mwaka tisini. Nusu ya wilaya nimewapiga picha za vitambulisho.

Amri alikuwa mpiga picha wa Ruangwa. Alizunguka na baiskeli kutoka Mandawa mpaka Chinongwe, hana studio, hana hata kibao. Mwaka tisini na tisa korosho zilikuwa zimelipa, watu wakawa wanajenga nyumba za bati, na kila mmoja anataka picha ya nyumba yake. Wanakuja kwangu, napiga, nyumba inatoka imelala chali. Ndiyo kawaida ya kamera: ukiiinua ili upate bati, kuta zinaegemea nyuma. Lakini nani atakuelewa? "Fundi, mbona umeniangushia nyumba?" Wakamfuata Amri, ambaye zake zilisimama wima. Roho iliniuma, siwafichi.

Sasa picha ile ya sebuleni ilikuwa ya nyumba yangu mwenyewe. Amri alipita siku niliyokwenda Kiegei kupiga harusi, akaipiga, na baadaye akaileta imeshasafishwa. Nyumba yetu iko juu ya kijiinuko, ina ngazi sita. Nimeipiga miaka tisa na haijawahi kusimama, yeye kaisimamisha kwa siku moja. Na mlangoni yupo mke wangu Felomena, anacheka mpaka mwanya wote unaonekana. Mwanya ule nilikuwa sijauona siku nyingi.

"Alikuambia nini ukacheka hivyo?" nikamuuliza.

"Baba Valentina, kula kwanza."

Sikula. Nilijua Amri ana lenzi maalumu. Niliwahi kuisoma kwenye kijitabu cha kamera: lenzi inayosogea. Kamera unaiacha imekaa sawa bila kuiinua, unazungusha kifundo pembeni, lenzi yenyewe inapanda juu, na jengo linabaki wima. Nikauza pikipiki yangu, nikapanda basi la Dar. Enzi hizo daraja la Rufiji halijajengwa, tukashinda kutwa kwenye foleni ya kivuko. Yote hayo kwa ajili ya mwanya wa mke wangu.

Muuzaji wa duka la kamera aliniwekea lenzi tatu mbele yangu. "Una nafasi gani ya kurudi nyuma?"

"Hatua kumi na mbili. Baada ya hapo ni choo cha jirani."

"Basi chukua hii ya milimita ishirini na nne, inaona kwa upana. Ya arobaini na tano itakukata pembe za nyumba. Hii ya tisini itabidi uingie chooni."

Akanionyesha pia jinsi inavyopinda. Nikamwambia kupinda sitaki, nimekuja kunyoosha.

"Mwenzangu wa Ruangwa alichukua ipi?" nikamchokoza.

"Ruangwa? Huko sijawahi kumuuzia mtu."

Nikaona huyu naye kanunuliwa na Amri.

Nilirudi, nikapiga, nikapeleka mkanda ukasafishwe. Picha ilipokuja, nyumba ilikuwa imesimama barabara, huoni pa kuitia kasoro. Nikaitundika kando ya ile ya Amri, nikamwita Felomena.

Aliiangalia. "Nzuri. Imenyooka. Ila mimi simo."

Hilo nikalimeza. "Na lenzi ya Amri ni ya ngapi?"

"Lenzi gani? Hana lenzi yoyote maalumu. Aliniambia, shemeji, naomba meza. Akaiweka kule karibu na choo, akapanda juu, akawa usawa mmoja na nyumba, akapiga."

Meza yangu ya kulia chakula. Niliikumbuka pikipiki yangu, nikakaa chini.

"Na kicheko?"

"Nilimwambia, mume wangu akijua umepanda meza yake atakufa kwa wivu. Nikaiwaza sura yako, hiyohiyo uliyoivaa sasa hivi, nikashindwa kujizuia."

Nilisimama. Nikaibeba ile meza mpaka karibu na choo, nikafunga lenzi yangu kwenye kamera, nikamwambia akasimame mlangoni. Akasimama, amenuna makusudi.

"Cheka."

"Sicheki bure. Panda kwanza."

Nikapanda. Mimi si mwembamba kama Amri. Mguu mmoja wa meza ukalia, kisha ukazama kwenye udongo, na Felomena akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Nikabonyeza huku naanguka.

Nyumba imetoka imeelemea upande, bati kama linataka kumwagika kwa jirani, na pembeni kuna kidole changu. Mke wangu yuko katikati, mwanya nje. Hiyo ndiyo iliyoko ukutani mpaka leo. Ile iliyonyooka niliipeleka studio. Ya Amri nimeitia kabatini, na ufunguo ninao mimi.