Ngawa Saba

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, Jumatano moja, saa tisa na robo alasiri, Susu alinipa kikombe cha bati nikiwa bado na sare ya shule. Susu ni nyanya yetu, aliyetulea huko Mbooni. Alinituma mlimani nikachume ngawa, matunda madogo meusi ya kichaka cha miiba, yanayoacha ulimi na rangi ya damu iliyoganda.

"Ni za Mwende," alisema. "Usile hata moja njiani. Ukila, umekunywa damu ya dada yako."

Mwende alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa akikaa chini kila baada ya hatua chache. Siku iliyotangulia, muuguzi wa zahanati alimfunua kope, akaona weupe, akaandika barua: apelekwe hospitali kubwa aongezwe damu. Susu aliiweka chini ya mkebe wa sukari. Damu ya mtu usiyemjua huja na mambo yake, alisema. Tungoje Jumamosi, ngawa zifanye kazi kwanza.

Nilikula saba. Nilisugua ulimi kwa majani hadi ukawasha.

Jioni Susu alimwambia Mwende atoe ulimi. Ulikuwa wa zambarau. "Ona, damu imeshika."

"Susu, basi hata mbuzi wako akila hizi atakuwa na damu ya kuuza," Mwende alisema. Alicheka, kisha akakosa pumzi.

Alikufa Ijumaa alfajiri.

Chuo kikuu nilisomea lishe. Rangi ile nimeikamua na kuipima kwa mikono yangu. Inaitwa anthosayanini. Husemwa kwamba hulinda chembe za mwili, na huenda ni kweli, lakini si damu. Alichohitaji Mwende kilikuwa chini ya sukari. Siku hizi sokoni Kasikeu wanauza unga wa zambarau wa "kuongeza damu", na rafiki zangu waliosoma hunipigia wakiuliza vijiko vingapi. Nawaambia wakapimwe. Hukasirika.

Susu bado namlaumu, ingawa si kama zamani. Kuhusu mimi, najua kabisa kwamba ngawa saba haziui mtu. Kujua hakujanisaidia sana.

Jumamosi ile asubuhi, kabla watu wa kanisa hawajafika, nilipanda tena mlimani na kikombe kile. Nilichuma saba, nikazihesabu mara mbili, nikaziweka kando ya mto aliokuwa akilalia Mwende.