Ukuta Aliouziba Amos Thackray

Ghala la Skelbeck lilikuwa limesimama miaka mia tatu pale bondeni Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, na sikumbuki mtu aliyewahi kuliita zuri. Lilijengwa kwa kazi. Upande wa kusini mlango mkubwa, mkokoteni uliosheheni miganda ukipita bila kugusa kitu. Mkabala wake mlango mdogo, ili upepo ukatize katikati na kupeperusha makapi watu wanapopura. Kila ukuta ulikuwa kuta mbili, kifusi kati yake, na hapa na pale jiwe refu lililopenya toka nje hadi ndani kuzifunga pamoja. Hata bundi alitengewa tundu lake juu, aje kula panya. Waliolijenga hawakujua kuandika majina yao. Siku hizi wanaojua kuandika hawajui kujenga.

Amos Thackray alikuwa mwashi, mwana wa mwashi. Baba yake, Reuben, alimfundisha kuchanganya chokaa na mchanga wa mtoni, kisha kungoja. Ukuta mmoja, kiangazi kizima.

Mwaka 1964 ufa ulitokea ukuta wa kaskazini. Msimamizi wa shamba, Bwana Lumb, akaleta mifuko ya saruji.

"Chokaa ni ya mabanda ya kuku," alimwambia Amos. "Kijana mzima unajitia ubabu!"

Amos alimaliza kwa wiki tatu. Mimi, kibarua wake, ndiye niliyekuwa nikimchanganyia saruji. Aliuziba ufa, kisha akaziba kila kiungo cha mawe toka msingi hadi paa. Tulijiona mabingwa.

Mzee Reuben alikuja, akapitisha kidole.

"Umeuziba pua, mwanangu."

"Zama zimebadilika, baba."

"Mvua haijabadilika."

Hakuukaribia tena ukuta ule mpaka akafa.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Amos aliziba, na kuziba kwenyewe ndiko kulikouua. Maji yaliingia kwa juu yakakosa pa kutokea. Chokaa ingeyaachia yapumue nje, saruji iliyafungia. Kila majira ya baridi yaliganda humo ndani na kuvimba, na mwaka baada ya mwaka ukuta ukaota tumbo.

"Amos, ghala lako lina mimba!" walimpigia kelele kilabuni. "Linajifungua lini?"

"Siku hiyo nitakuita wewe, mkunga."

Walicheka. Bia yake aliiacha nusu.

Amos alipofika miaka sabini na moja, shamba lilipata mmiliki mpya, Bibi Fairburn, na mhandisi wake akasema ghala libomolewe. Amos alivua kofia akaenda nyumba kubwa ya mmiliki. Nilikwenda naye.

"Nipe mpaka jalidi ya kwanza, maji yaanzapo kuganda, mama. Niitoe saruji yangu, nirudishe chokaa. Likikaa imara, liacheni."

"Na lisipokaa, Bwana Thackray?"

"Nitakuja kukwambia mwenyewe."

Alianza kesho yake kwa tindo na nyundo. Saruji ilikuwa imekuwa ngumu kuliko jiwe. Kila kipande kilichotoka kilibandua uso wa jiwe lenyewe, na chini yake palikuwa pameoza, pakimeguka kama mkate mkavu.

"Taratibu, Amos," nilimwambia.

"Taratibu au haraka, ngozi inayochunika ni ileile."

Siku ya tisa alilifikia jiwe refu, mojawapo ya yale yaliyofunga kuta. Lilikuwa limekatika katikati. Alitia mkono ndani ya ufa hadi kiwiko, akautoa umelowa. Akafuta tindo lake kwa kitambaa, akavaa koti, akaenda nyumba kubwa.

"Libomoeni," alisema.

Walilibomoa kwa siku tatu. Kuta ambazo Reuben alizikarabati kwa chokaa ziliachia jiwe mojamoja, zima, safi, tayari kujenga tena. Ukuta wa Amos ulitoka kwa mabonge.

Palipokuwa na ghala sasa wageni wa Bibi Fairburn huegesha magari. Mara ya mwisho nilipompeleka Amos pale, alikuwa anatembelea fimbo.

"Mawe ya baba yamekwenda wapi?"

"Kusini mwa nchi. Wameyajengea kuta za bustani."

"Na yangu?"

Niligonga chini kwa kiatu, pale tuliposimama. Waliyasaga, wakayashindilia chini ya magari.

Amos alitazama miguu yake. Kisha akasogea pembeni, akasimama kwenye nyasi.